Sukari, Ndugu Zangu, Ni...

“Mwaga! Mwaga uone! Ukimwaga kijiko hicho cha sukari kwenye kikombe cha Tambwe, Bi Chausiku, ujue umemwaga damu ya taifa!”

“Damu gani, Mwalimu? Hii chai. Toa mkongojo wako mlangoni mwa watu.”

“Sitoi.”

“Basi nami siondoki. Na wewe na hiyo miguu kama vijiti vya mishikaki, leo umekuwa mtaalamu wa misuli?”

“Miguu yangu haijaonja sukari nyeupe tangu nilipostaafu.”

“Inaonekana, baba. Inaonekana kabisa.”

Sisi tuliojaa uchochoroni tukacheka, maana tangu umeme uanze kukatika, ugomvi wa hawa wawili ndio ulikuwa sinema yetu. Bi Chausiku anauza maandazi upande wa kulia. Mwalimu Zidikheri, aliyefundisha michezo mpaka akastaafu, anakaa upande wa kushoto. Katikati ni nyumba ya Tambwe, na ndani, juu ya kigoda, alikaa Tambwe mwenyewe akiitazama ile chai kama mtoto anayetazama Idi ya watu wengine.

“Jamani,” akasema taratibu, “nipeni hata ikishapoa.”

Shauri lilikuwa la sukari, na yeye hakuwa na shauri, alikuwa na mwili tu.

Mimi nilikuwepo nikisikia yote. Si kwamba napenda umbea. Ukuta wangu ndio unaoupenda, mimi nimeuegemea tu.

*

Nchi yetu ni nzuri, naomba hilo lieleweke mapema kabla sijaulizwa. Ina bendera, ina wimbo, na ina Mheshimiwa Baba wa Kifua. Zamani aliitwa Baba wa Barabara, lakini watu wakaanza kuuliza habari za barabara, ikaonekana ni busara jina libadilishwe.

Ikawa Mheshimiwa amealikwa kwenye sherehe za nchi jirani. Akaona walinzi wa mwenzake: mikono imejaa kwenye shati mpaka mishono inaomba msamaha. Akageuka akatazama walinzi wake. Upepo ukavuma, sare zikapepea mwilini mwao kama kanga kwenye kamba. Inasemekana hakula siku ile. Aliporudi akatangaza Mwaka wa Misuli. Kila mtaa utoe mwanamume mmoja, aitwe Mwili wa Mtaa. Mtaa utakaomfurahisha Mheshimiwa utapata maji bombani. Mtaa utakaomwaibisha utang’olewa hata mabomba yenyewe, ili yasiendelee kuwatia watu tamaa.

Sisi hatukuhangaika kutafuta. Tambwe alikuwa na jimu yake uani, vyuma vyake ni mabomba ya chuma yaliyotiwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, na kifua chake kilikuwa kinaingia chumbani kwanza, yeye mwenyewe anafuata baada ya salamu. Tukamchagua kwa vigelegele. Yeye alikuwa sokoni ananunua samaki. Aliporudi tukampa hongera.

“Ya nini?” akauliza.

“Utaambiwa,” tukamjibu, maana nasi hatukujua.

Halafu kikaja kile kisa cha uwanjani. Mheshimiwa alikuwa akihutubia juu ya vyakula vinavyojenga misuli. Alisifu mayai. Alisifu maharage, tukapiga makofi kwa sababu maharage tulikuwa nayo. Kisha akainua kidole juu, akashusha sauti kama baba anayetaka kutoa wosia, akasema:

“Na sukari, ndugu zangu, ni...”

Umeme ukakatika.

Sisemi umeme wetu ni mbaya. Unachoka kama mfanyakazi yeyote. Ulipoamka, vipaza sauti vikarudi, Mheshimiwa alikuwa ameshafika kwenye sehemu ya maadui wa nchi. Tukashangilia.

Sasa kwetu Mheshimiwa haombwi kurudia. Ukiomba arudie, maana yake hukusikia. Kama hukusikia, hukuwa unasikiliza, na wasiosikiliza wana wizara yao. Kwa hiyo sentensi ile ikabaki inaning’inia juu ya nchi nzima kama chandarua kilichokatika kamba moja. Wizara ya Ongezeko ikaimalizia kwa niaba yake: sukari ni nguvu, mtu akishanyanyua chuma alambishwe palepale. Waziri wake ana shemeji mwenye kiwanda cha sukari, lakini hiyo ni sadfa. Wizara ya Uthabiti nayo ikaimalizia: sukari ni sumu, anayejenga mwili asiiguse hata kwa jicho. Waziri wa huko anauza unga wa misuli, wa kopo lenye picha ya fahali, na hiyo nayo ni sadfa. Sadfa za nchi yetu zina ukoo mkubwa.

Kila wizara ikatuma mtu nyumbani kwa Tambwe. Kutoka Ongezeko alikuja Bwana Lubuva, Afisa wa Kijiko. Kutoka Uthabiti alikuja Bwana Shekidele, Afisa wa Kifuniko. Mmoja kazi yake kuhakikisha sukari inaingia, mwingine kuhakikisha haiingii. Wakakaa huku na huku kwenye vigoda, Tambwe katikati, na amri ikasomwa mlangoni: Mwili wa Mtaa usivuke kizingiti, usije ukakutana na andazi lisilo na kibali.

*

Mwanzoni tulidhani ni mchezo.

Siwema, mke wa Tambwe, akaleta ugali na dagaa. Bwana Lubuva akauliza, “Sukari iko wapi?”

“Kwenye dagaa?” Siwema akashangaa.

“Shemeji, mimi sikuandika sera. Mimi nimeshika kijiko.”

Akakinyanyua kijiko chake, kimejaa, juu ya sahani. Kabla hakijainama, Bwana Shekidele akaifunika sahani kwa kifuniko chake, paa! Wakatazamana. Utaratibu ulisema chakula chenye mgogoro hakiliwi mpaka mgogoro uishe, kinakuwa ushahidi. Sahani ikafungwa kwa utepe wa gundi, ikawekwa uvunguni mwa kitanda. Jioni yake yakaja maharage, yakaenda uvunguni. Ukaja uji, ukaenda uvunguni. Mayai aliyoyasifu Mheshimiwa mwenyewe yakaja, na Bwana Shekidele akayashuku kwamba kuku alikula makombo ya keki. Uvunguni. Mpaka kitanda cha Tambwe kikaanza kunuka kama hoteli iliyofilisika, na yeye amelala juu yake, na tumbo linamnguruma.

Na vyuma lazima anyanyue. Hilo halikuwa na mgogoro, wizara zote mbili zilikubaliana. Tulikuwa tunamsikia huko uani akihema, na lile kopo la zege likigonga chini mapema kuliko zamani.

“Niacheni nitoke hata nikapumue barazani,” aliwaambia siku moja.

“Baraza liko nje ya kizingiti, kaka,” Bwana Shekidele akasema kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Hata Lubuva hakuwa mtu mbaya. Walikuwa wanamwita kaka, wanampepea kwa zamu inzi wasimsumbue. Chakula tu ndicho kilichowashinda.

Na mtaa nao ukagawanyika. Waliokunywa chai tamu wakawa hawasalimiani na waliokunywa chai kavu. Zamani kwangu mlango haufungwi, sinia moja watu hawahesabiki. Sasa ukimkaribisha mtu chai, anakuuliza kwanza, “Ya upande gani?” Tukawa tunakula tumefunga madirisha, kila mtu na familia yake, kama wezi wanaogawana. Bi Chausiku na Mwalimu Zidikheri pekee ndio walioendelea kuonana kila siku, kwa sababu ya kugombana. Yeye analeta chai, mwenziwe analeta mkongojo.

*

Ndipo ikaja Tume ya Taifa ya Kuikamilisha Sentensi. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kagusa, mwenye koti zito la sufi ambalo jua letu lilikuwa linalishangaa. Akasimama mbele ya nyumba ya Tambwe, akakohoa kikohozi cha gharama.

“Mabibi na mabwana,” akasema, “suala la sukari ni suala mtambuka. Sukari ikiingia mwilini, inaingia. Isipoingia, utafiti unaonyesha, inabaki nje. Baina ya nadharia hizi mbili ndipo ilipolala hatima ya taifa, na sisi tumekuja kuiamsha.”

Tukapiga makofi. Mwalimu Zidikheri akaninong’oneza, “Huyu amesoma.” Bi Chausiku akajibu, “Nini?”

Profesa akaingia ndani, akachomoa utepe wa kupimia, akauzungusha kwenye mkono wa Tambwe. Macho yake hayakuuacha utepe hata kidogo. Uso wa Tambwe ulikuwa pale karibu, amekaribia kuugusa kwa paji lake, lakini hakuutazama, kwa kuwa haukuwa na namba.

Mkono ulikuwa umepungua.

Profesa akafikiri. “Utepe huu umechoka,” akasema. Akaletewa mkasi, akaukata utepe kule mwanzo wake, namba ndogondogo zikaanguka sakafuni, akapima tena. Mkono ukawa umekua. Akaukata tena kidogo, kwa heshima ya Mheshimiwa, na mkono wa Tambwe ukaipita mikono ya walinzi wote wa nchi jirani.

“Maajabu!” akasema. “Amekula nini?”

Maafisa wakatazamana. “Hajala kitu, Profesa,” wakajibu pamoja.

Bwana Lubuva akawahi: “Ila kijiko cha sukari kilikuwa juu ya sahani muda wote. Mwili umekua kwa hamu ya sukari.”

“Na kifuniko hakikutoka,” Bwana Shekidele akadakia. “Mwili umekua kwa kukosa sukari.”

Profesa akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi. “Ndugu zangu, sentensi imekamilika,” akasema. “Sukari ni muhimu iwepo, na isiliwe.”

Wizara zote mbili zikakumbatiana. Ikatangazwa palepale kwamba mlo huu, wenye kijiko juu na kifuniko chini, utaitwa Mlo wa Tambwe, na utaenezwa nchi nzima, kwa kuanzia na mtaa wetu, kama heshima. Yeye mwenyewe atafuatwa kwa gari Jumamosi asubuhi apelekwe mji mkuu, atembezwe mbele ya Mheshimiwa, kisha awekwe kwenye jumba la kioo ili vijana waje wajifunze. Na mlo wake usibadilishwe hata punje, maana umeonyesha matokeo.

“Profesa,” Tambwe akasema, “mimi nina njaa.”

“Msuli ukikua huunguruma,” Profesa akauambia utepe, akaukunja, akatoka.

Wakati uleule mabomba ya mtaa yakakohoa. Yakatema vumbi, yakatema mende, yakaanza kutoa maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, lakini yalikuwa maji. Tukakimbilia ndoo. Ungefanyaje wewe?

Siwema akatoka mlangoni akatukuta kwenye foleni tunasukumana.

“Kingeni,” akatuambia. “Kingeni mengi. Ndiyo mtakayomwoshea.”

Ndoo yangu ikajaa, ikafurika, ikanilowesha miguu, nami nimesimama tu. Bi Chausiku akaweka ndoo yake chini. Mwalimu Zidikheri akafunga bomba, akalitazama, kisha akamtazama Bi Chausiku, na kwa mara ya kwanza tangu Mwaka wa Misuli uanze hawakuwa na la kubishana.

“Mwanangu,” Bi Chausiku akamwambia Siwema, “chungu changu kikubwa kipo. Sema neno lolote, nitawasha moto.”

“Mtawasha, watafunika,” Siwema akasema. Akarudi ndani.

*

Hapa lazima nikueleze jambo moja la kwetu, ingawa naamini hata kwenu lipo. Nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Majirani ndio wanaopika. Wanawake wanaingia ndani, wanaume wanakaa nje chini ya turubai, na anayefika anakula, hata kama ametoka kula kwake sasa hivi. Na chungu cha msiba hakiulizwi kimetiwa nini. Serikali zimekuja, zimekwenda, zimetoza kodi mpaka vivuli vya miti, lakini sijasikia hata moja iliyotia mkono kwenye chungu cha msiba.

Jumamosi, jua halijapanda sana, kilio kikapasua mtaa.

“Amekufaaa! Jamani, amekufa! Aliyekuwa anaujaza mlango huu amekufa!”

Alikuwa Siwema, kajitupa sakafuni, kanga kichwani. Na kwetu mwanamke akilia haulizwi jina la maiti kwanza, unatandika mkeka. Wanawake wakamiminika kutoka kila mlango, wa chai tamu na wa chai kavu, wakajaa chumbani, sebuleni, mpaka ukumbini. Bwana Lubuva na Bwana Shekidele wakajikuta wamebanwa ukutani, kijiko huku, kifuniko kule.

“Wanaume nje!” Bi Chausiku akafoka. “Hamna haya? Wanawake wamevua vilemba!”

“Bibi, sisi tuko kazini,” Bwana Shekidele akajaribu. “Haturuhusiwi kuuacha Mwili.”

“Utakaa kwenye mkeka wa wafiwa wewe? Na Mheshimiwa aambiwe hivyo?”

Wakatoka mbio. Tambwe akabaki kigodani, macho yamemtoka.

“Na wewe je?” Bi Chausiku akamgeukia. “Mwanamume wewe. Nje!”

“Lakini shangazi, msiba si ni wangu?”

“Ndiyo maana hutakiwi kuonekana. Pita uani.”

Hayo nilisimuliwa na mke wangu aliyekuwepo, na mke wangu haongezi chumvi, anaacha hiyo kazi kwangu. Mimi wakati huo nilikuwa nje nafunga kamba za turubai. Aliyeleta turubai ni Mwalimu Zidikheri. Mchele ulitoka kwangu. Nyama ilitoka nyumba ambazo zilikuwa haziazimani hata kiberiti. Moshi ukapanda, harufu ya pilau ikazunguka kona zote, na watu wakakaa bega kwa bega, bila kuuliza nani wa upande gani. Nilikuwa nimesahau mtaa wetu ni mkubwa kiasi kile.

Maafisa wawili walikuwa wamesimama pembeni, jasho linawatoka.

“Huu ni uongo,” Bwana Lubuva akanong’ona. “Yu hai yule. Nimemwacha anapepesa macho.”

Mwalimu Zidikheri akawasogelea, akawashika mabega kama zamani alivyokuwa akiwashika wanafunzi wa mbio za kupokezana. “Semeni basi kwamba yu hai,” akawaambia polepole. “Mtaambiwa mumlete. Na mtakayemleta awe na mkono uliopimwa kwa utepe wa Profesa. Mnao mkono huo?”

Bwana Lubuva akamtazama Bwana Shekidele. Bwana Shekidele akamtazama Bwana Lubuva.

“Mungu amlaze pema,” wakasema kwa pamoja, wakavua kofia, wakakaa.

*

Gari likafika, kubwa, na mgongoni limebeba sanduku la kioo lenye kiti ndani. Profesa Kagusa akashuka na koti lake. Akaona turubai. Akaona nyuso.

“Nini hiki?”

Mwalimu Zidikheri akainuka. “Ni Mwili wa Mtaa, Profesa. Hatuna tena.”

“Hamna? Na mimi nimeshamwahidi Mheshimiwa!”

“Kwetu maiti haicheleweshwi,” Mwalimu akasema.

Profesa akasimama, nasi tukasimama naye moyoni. Kama angesema apekue nyumba, tungekwisha sote, na Tambwe angeingia kwenye kioo kile akakae humo mpaka akauke kama dagaa. Akatazama maafisa wake. Maafisa wakatazama chini. Akaushika ule utepe mfukoni. Nikaona akipiga hesabu zake kichwani: aliyeukata utepe alikuwa nani, na nani angeulizwa.

Akakohoa.

“Wafiwa,” akasema, “marehemu amekufa kwa kukua. Moyo wake, ambao Tume haikupewa fungu la kuupima, ulishindwa kuukimbilia mkono wake. Taifa limepoteza mwili, lakini sentensi tunayo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Msibani hapapigwi makofi, na hilo lilimchanganya kidogo. Kwa kuwa hakujua afanye nini, akafanya kama wote: akavua viatu, akaketi mkekani, akasogezewa sinia. Akala. Yallah, alikula! Ikaja chai, akatia sukari, akatia tena, akakoroga kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu chini ya kikombe. Tukamtazama. Hatukumuuliza.

Ndipo Tambwe akatokea kwenye kona.

Alikuwa amezunguka kwa uchochoro wa nyuma, akaambiwa na wanawake ajifiche kwa fundi viatu, na nadhani alikuwa amejificha kweli mpaka harufu ya pilau ilipomshika mkono ikamleta. Amevaa lile shati lake la zamani lililokuwa likikatika vifungo. Sasa lilimning’inia, mikono imetoka humo myembamba, ya mtu yeyote. Akasimama pale penye kamba ya turubai. Mbele yake ni masinia, nyuma yake ni lile sanduku la kioo linawaka jua. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma.

Bwana Lubuva akaacha mdomo wazi na wali ndani. Kutoka dirishani nikaona kanga ya Siwema, na mkono wa Bi Chausiku ukimziba mdomo.

Profesa Kagusa akainua macho kutoka kwenye sinia. Akautazama uso wa Tambwe kwa mara ya kwanza.

“Na huyu nani?”

Tambwe alikuwa na jina lake mwenyewe kinywani, na hakuthubutu kulitoa.

“Ni mfiwa, Profesa,” Mwalimu Zidikheri akasema. “Wa karibu sana na marehemu.”

Profesa akatikisa kichwa. Akamtazama kuanzia shingo mpaka miguu, na nakuapia huruma yake ilikuwa ya kweli.

“Maskini,” akasema, “msiba umemkausha.” Akasogeza magoti, akapapasa mkeka pale kando yake, mahali pa heshima. “Njoo, ndugu yangu. Usisimame huko nje kama vile si kwenu. Ingia ule.”